Jino limevunjika: soma dalili kabla hujanunua vidonge

Gego langu la chini, upande wa kushoto, lilimegwa na kijiwe kilichojificha kwenye maharage. Ilikuwa Ijumaa mchana, Morogoro, kwa mama ntilie ambaye hadi leo nakula kwake. Mlio niliusikia sikioni kabla maumivu hayajafika. Nikatema kiganjani: kijiwe cheusi, na pembeni yake kigae cheupe kama chenga ya mchele. Usiku ule sikulala. Jumatatu maumivu yakapungua. Wiki ya tatu yakaisha kabisa, nikamshukuru Mungu nikaendelea na shughuli zangu, natafunia kulia. Miezi minne baadaye niliamka shavu limeumuka kama andazi, na jino ambalo lingezibwa siku moja likaishia kwenye kibakuli cha chuma cha daktari.

"Halikupona hili, kaka," aliniambia akinionyesha kivuli cheusi kwenye eksirei, chini ya mizizi. "Kiini kilikufa, ndiyo maana likanyamaza."

Kosa langu lilikuwa kupima ubaya wa jino kwa ukali wa maumivu. Pigo dogo linaweza kukutoa machozi, na jino lililooza hadi mzizini likakuacha ulale fofofo. Cha kusoma ni mahali lilipokatikia, kinachoamsha maumivu, na maumivu yenyewe yanakaa muda gani.

Jino lina tabaka tatu. Nje ni enameli, ngumu kuliko kitu kingine chochote mwilini, na haina hisia. Chini yake ni dentini, rangi yake inaelekea manjano, imejaa vijitundu visivyoonekana kwa macho vinavyopeleka baridi na sukari ndani. Katikati ndipo kilipo kiini: nyama laini yenye mishipa ya damu na neva. Enameli ikimeguka peke yake, ni usumbufu. Dentini ikibaki wazi, una kazi ya siku chache. Kiini kikionekana au kikiambukizwa, saa zinahesabika.

Hali zisizosubiri asubuhi

Uvimbe ukishuka chini ya taya au kuelekea shingoni, au ukipanda hadi jicho linafumba. Mdomo ukigoma kufunguka. Mate yakikushinda kumeza. Sauti ikibadilika kama una kiazi cha moto mdomoni. Pumzi ikiwa nzito. Homa ikiambatana na uvimbe. Ukiona hata moja kati ya hizi, nenda hospitali yenye huduma ya dharura usiku huohuo. Usiende duka la dawa, wala usingoje kliniki ya meno ifunguliwe. Usaha wa jino la chini unaweza kusambaa chini ya ulimi na kuziba njia ya hewa, na watu hufa kwa hilo. Mwenye kisukari asisite hata kidogo.

Kama jino limevunjika kwenye ajali ya bodaboda au kwa kuanguka, kichwa kinatangulia. Aliyezimia, anayetapika au asiyejua alipo ni mgonjwa wa kichwa kwanza, mambo ya meno baadaye. Mwambie aume meno taratibu: yasipokutana kama zamani, huenda taya limevunjika. Mdomo ukiwa umechanika na kipande cha jino hakionekani, kitafute ndani ya nyama ya mdomo. Hukwama humo, jeraha likashonwa juu yake. Na mtu akiwa anakohoa mfululizo tangu ajali, kipande kinaweza kuwa kimeingia njia ya hewa, kwa hiyo mwambie daktari wazi kwamba hakijapatikana.

Jino zima limetoka na mzizi wake

Hili ndilo tatizo pekee la meno ambalo mtu wa nyumbani anaweza kulitatua vizuri kuliko daktari, kwa sababu yeye ndiye aliyepo. Okota jino kwa upande wa kutafunia, usishike mzizi. Kama lina mchanga, lisuuze kwa maziwa, au kwa maji ya bomba yanayotiririka kwa muda wa kuhesabu hadi kumi, basi. Usilisugue, usilifute kwa kitambaa, usilitie sabuni wala spiriti, maana kwenye mzizi kuna utando wenye chembe hai na hizo ndizo zitakazolishika tena. Lirudishe kwenye tundu lake, uso wake ukitazama mbele kama lilivyokuwa, halafu mtu aume leso taratibu na mwondoke kwenda kwa daktari.

Ikishindikana kulirudisha, liweke kwenye kikombe cha maziwa ya kawaida ya baridi. Mtindi hapana. Maziwa yakikosekana, mwenyewe ateme mate kikombeni, jino lilale humo. Kulifunga kwenye karatasi mfukoni ndiko kulikoua meno mengi, kwa kuwa likikaa kavu saa nzima chembe zile karibu zote huwa zimekufa. Dakika kumi na tano za kwanza ndizo zenye thamani kubwa. Daktari atalifunga na jirani zake kwa takriban wiki mbili, na kama jino liliangukia udongoni atakuuliza habari ya sindano ya pepopunda.

Jino la utoto halirudishwi, hata mama akilia vipi. Ukilisukuma ndani utaumiza jino la ukubwani linaloota juu yake. Meno ya mbele ya ukubwani huanza kutoka kati ya miaka sita na minane, kwa hiyo mtoto wa umri huo muulize kwanza kama lile lilikuwa limeshang'oka likaota jingine.

Kioo, tochi na glasi ya maji

Kwa wengine wote, kuna ukaguzi wa dakika tano. Sukutua kwa maji ya uvuguvugu, simama mbele ya kioo, mtu mwingine akumulikie tochi ya simu. Angalia pale palipokatika. Pakiwa peupe pote, ni enameli. Ukiona manjano, dentini imefunguka. Ukiona nukta nyekundu au ya waridi katikati ya manjano, au inachuruza damu isiyotoka kwenye fizi, hicho ni kiini.

Kisha maji. Piga funda moja la maji baridi, liache liguse jino hilo, meza, uanze kuhesabu. Usifumbe macho kwa uchungu ukasahau hesabu. Mimi ilinibidi kurudia. Mwisho, kunja kitambaa safi, kiweke juu ya ncha moja ya jino, bana polepole, halafu achia ghafla. Hamia ncha nyingine. Andika ulichokiona, maana ukifika kwenye kiti cha daktari jino huwa na tabia ya kutulia.

Linakata ulimi, haliumi

Enameli imemeguka. Baridi huisikii, au huisikii zaidi ya jino jirani. Tatizo lako ni makali yanayochana ulimi na shavu. Chukua nta ya mshumaa au ubani wa kutafuna usio na sukari, finyanga, funika ile ncha. Daktari atailainisha kwa dakika chache, au atajazia. Kile kipande, kama unacho na ni cha jino la mbele, kiweke kwenye maziwa au maji kisikauke. Mara nyingine hugandishwa palepale kilipotoka. Gundi ya viatu au ile inayokauka kwa sekunde usithubutu kuijaribu nyumbani.

Kama jino lilipigwa, yaani halikumegwa na chakula, lazima liangaliwe hata kama haliumi. Nitalirudia.

Baridi inachoma, kisha inaondoka

Unakunywa maji ya friji au unakula ubuyu, linakuchoma, unahesabu moja, mbili, tatu, limekwisha. Dentini iko wazi lakini kiini ni kizima na bado kinajitetea. Hii ndiyo hatua niliyokuwa nayo mimi wiki ya kwanza, na ndiyo hatua rahisi kuliko zote: kuziba, basi. Una siku, huna miezi. Vijitundu vile vinavyopitisha baridi vinapitisha na bakteria.

Hadi siku ya miadi, tafunia upande mwingine, acha barafu, soda na ndimu, piga mswaki kama kawaida (watu huacha kulisugua jino bovu, likazidi kuwa bovu), na kama duka la dawa lina ile dawa ya kuziba jino kwa muda, kausha tundu kwa pamba na uijaze. Kuna sababu nyingine zinazoleta dalili hiihii bila jino kuvunjika, kama fizi kushuka au mswaki mgumu kula shingo ya jino, lakini hapo mchomo huwa kwenye meno kadhaa, si moja.

Baridi inachoma na haiondoki, au linaamka lenyewe usiku

Umemeza maji, umehesabu hadi thelathini, bado linapwita. Chai ya moto inaliamsha. Ukilala linazidi, ukikaa linapungua kidogo, kwa sababu ukilala damu inajaa zaidi kichwani na kiini kimefungiwa ndani ya kuta ngumu, hakina pa kutanukia. Kiini hiki kimevimba kiasi cha kutorudi tena. Kuziba juu yake ni kufunga mlango nyumba ikiwaka ndani.

Dawa zake ni mbili: kutibu mzizi, yaani kiini kutolewa, mifereji ya ndani ya mizizi kusafishwa na kujazwa, kisha gego kuvikwa kofia, yaani kifuniko kigumu kinacholifunika juu; au kung'oa. Gego huwa na mifereji mitatu, wakati mwingine minne, ndiyo maana kazi ni ndefu na bei yake hailingani na ya kung'oa. Sitamlaumu mtu aliyechagua kung'oa kwa sababu ya bei. Ila nitakuomba uulize swali moja kabla ya ganzi: "Daktari, mzizi wa hili hautibiki?" Mara nyingi tunang'olewa kwa sababu tumeingia tukisema "nimekuja kung'oa", naye anadhani tumeshaamua.

Ukiona ile nukta nyekundu, umeingia kundi hili hata kama maumivu ni madogo, isipokuwa kwa mtoto. Jino la mbele la ukubwani huchukua kama miaka mitatu tangu lichomoze hadi mzizi wake ukomae, na katika muda huo kiini kilichofunguka kinaweza kuokolewa, sehemu yake ikafunikwa kwa dawa mzizi ukaendelea kukua. Mpeleke siku hiyohiyo au kesho yake.

Linauma ukiachia

Hili ndilo linalozungusha watu kliniki hadi kliniki. Kwenye kioo jino ni zima. Eksirei haionyeshi kitu. Ila ukitafuna karanga, ghafla kama shoti ya umeme, na ukichunguza vizuri utagundua inapiga pale unapoachia, si unapobana. Hilo jino lina ufa. Ukibana, pande mbili zinaachana kidogo. Ukiachia zinarudiana na kuminya dentini. Kitambaa kilichokunjwa kitakuonyesha ni ncha ipi.

Hutokea zaidi kwenye magego ya chini, hasa yenye kizibo kikubwa cha zamani, na kwa wanaosaga meno usingizini. Waulize unaolala nao chumba kimoja. Mweleze daktari kwa maneno haya haya, "linauma nikiachia", kwa sababu kifungu hicho kinafanya kazi kuliko picha. Jino lenye ufa huvikwa kofia ili lishikwe pamoja. Ufa ukishuka hadi mzizini na vipande vikawa vinacheza kila kimoja peke yake, hapo hakuna ufundi, linatoka.

Liliuma, likaacha

Huku ndiko nilikopotelea mimi. Baada ya siku au wiki za mateso, kimya. Maji baridi hayasemi kitu ilhali jino jirani linayasikia. Baadaye, labda baada ya miezi, unahisi jino limekuwa refu kidogo, linauma ukiligonga kwa kijiko, au kwenye fizi kuna kipele kinachopasuka chenyewe, kinatoa ladha ya chumvi na harufu, kinajaa tena. Kiini kimekufa na usaha umepata njia. Kipele kikipasuka utapata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayokudanganya tena.

Jino la mbele lililopigwa na mpira au usukani hufanya jambo hilohilo kwa rangi: linageuka kijivu taratibu. Ndiyo maana jino lililopigwa hutazamwa tena na tena, hata mwaka mzima baadaye, ingawa siku ya tukio lilionekana salama.

Usaha haumalizwi na vidonge. Unatolewa kwa kufungua jino, kwa kupasua jipu, au kwa kung'oa. Usikande shavu kwa maji ya moto; weka kitambaa chenye barafu kwa nje, robo saa kisha pumzika, uende.

Kizibo au kofia imetoka

Hii haina haraka kubwa kama haiumi. Tundu lisafishe, lizibe kwa ile dawa ya muda. Kofia isuuze, ihifadhi, nenda nayo. Usiirudishe mdomoni ukalala nayo, utaimeza au itakwenda njia ya hewa. Ikiwa mara ya pili inatoka, muulize daktari kama jino lililo chini limeoza au limekatika.

Dukani

Ukisema "jino" kwenye duka la dawa muhimu, kabla hujamaliza utapewa vidonge vya rangi mbili na Flagyl. Kwa jino linalouma bila uvimbe wala homa, hivyo havisaidii kitu. Kiini kilichovimba hakitulizwi na antibayotiki, na unawafundisha bakteria wako kuizoea dawa.

Kinachopunguza maumivu kwa mtu mzima ni parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane kwa siku, ukikumbuka kwamba dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Ibuprofeni ya miligramu 400 baada ya kula, mara tatu kwa siku, inafanya vizuri zaidi kwenye jino, na zote mbili zinaweza kutumika pamoja. Ibuprofeni si ya mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochokozwa na dawa hizo, wala mjamzito. Aspirini meza, usiibandike kwenye fizi. Inaunguza nyama ikabaki nyeupe, na jino linaendelea kuuma.

Karafuu ni kweli. Mafuta yake yana yujenoli, na yujenoli hiyohiyo imo kwenye dawa ya kuziba kwa muda wanayotumia madaktari. Tia tone moja kwenye kipamba, kamua, kiweke ndani ya tundu, mbali na fizi kwa sababu inachoma. Usimpe mtoto mdogo. Maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya uvuguvugu, ni mazuri pia. Ugoro, spiriti, na haya maji ya betri ambayo bado kuna watu wanashauriana kutia kwenye jino, ni balaa. Asidi haijui jino liishie wapi na taya lianzie wapi.

Na mama mjamzito anaruhusiwa kutibiwa meno, ganzi ikiwemo. Aseme tu ujauzito una miezi mingapi.

Lilivunjika kwa kitu laini

Umekula mkate, jino limekatika. Mkate hauhusiki. Jino lilikuwa limeshaliwa kwa ndani na kuoza kulikoanzia katikati ya magego mawili, au lilitibiwa mzizi zamani likaachwa bila kofia, au lina kizibo kikubwa kuliko ukuta uliobaki. Kuna pia wenyeji wa Arusha, Kilimanjaro na maeneo mengine ya Bonde la Ufa waliokulia kwenye maji yenye floridi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Wengi wanajua habari ya rangi ya kahawia kwenye meno. Kisichosemwa sana ni kwamba, kwa walioathirika vibaya, enameli yenyewe ina vijitundu na hubanduka vipandevipande bila pigo lolote. Magadi ya kulainishia makande huongeza floridi hiyo, kwa hiyo nyumba yenye watoto wa chini ya miaka minane ingefaa kuyapunguza.

Vingine unavijua: kufungua soda kwa meno, kuvunja mfupa wa supu, mbegu ya bisi isiyopasuka, kumenya muwa kwa meno ya mbele.

Limezibwa, na sasa linauma

Ganzi imeisha na jino linasikia baridi: kawaida, lipe wiki mbili mradi linapungua siku hadi siku. Likiuma ukikutanisha meno tu, na unahisi hilo ndilo linalogusa kwanza kabla ya mengine, kizibo kimezidi urefu. Rudi wakipunguze kidogo, ni kazi ya dakika tano na haihitaji ganzi. Usikae ukisubiri likizoee. Likianza kuamka lenyewe usiku, rudi kwenye sehemu ya usiku hapo juu, na umwambie daktari umehesabu hadi ngapi.